Alfalfa: Kabla hujakopa pesa za ekari, anza na mtungi mmoja

Kama unafuata kurasa za kilimo kwa simu yako, lazima umeiona ile video. Kijana amevaa gambuti safi zisizo na tope hata kidogo, amesimama katikati ya shamba la kijani, anakuambia alfalfa ndiyo dhahabu mpya. Panda ekari moja tu, anasema, na maisha yatanyooka. Video ikiisha unawekewa namba ya kutuma pesa za mbegu, na nyingine ya kulipia "mafunzo".

Mimi niliiona nikiwa nimekaa kwa kibaraza cha nyumba ya kupanga hapa Kisii mjini. Nilikuwa nimeachana na chuo, sina kazi ya kueleweka, na nina sungura wanne wanaokula kuniliko. Nikakopa kwa simu, nikanunua mbegu, nikapanda matatu hadi nyumbani upande wa Nyamira kumwomba mama kona ya shamba.

"Mama, nataka hapa chini ya majani chai. Nipande chakula ya sungura na ng'ombe."

Mama akaniangalia kidogo kabla ya kujibu. "Panda tu, mwanangu. Lakini ujue hiyo ni sehemu ya ndugu yako. Akirudi akitaka kujenga, utatoa."

Nikapanda. Mbegu ziliota ndani ya wiki moja na nikapiga picha nikaweka status. Mwezi wa pili majani yakaanza kuwa ya njano. Mwezi wa tatu mimea ilikuwa bado inanifika kwa kifundo cha mguu, magugu yameifunika, na ile deni ya simu ilikuwa imezaa. Niling'oa mche mmoja nikatazama mizizi yake. Ilikuwa mifupi, myembamba, na haina kifundo hata kimoja. Wakati huo hata sikujua kwamba hiyo ilikuwa ishara.

Naandika haya kwa sababu siko peke yangu. Vijana wengi wa Kisii na Nyamira wanauziwa ndoto ya ekari ambayo hawana, ya mmea ambao udongo wetu hauupendi, kwa pesa ambazo si zao. Msimamo wangu ni huu: alfalfa yako ya kwanza isiingie shambani. Iingie kwa mtungi wa lita 20, gunia au karai lililotoboka. Na kabla ya mtungi huo kukuonyesha matokeo, usikope hata shilingi moja.

Chai ilishatuambia ukweli

Tuanze na mmea wenyewe. Alfalfa ndiyo ile ile lucerne iliyoandikwa kwa pakiti za mbegu, ambayo wafugaji wetu wanaitamka lusani. Ni mmea wa jamii ya kunde, ndugu wa maharagwe, lakini hauvunwi mara moja ukaisha. Ukiupanda mahali unapopenda, unaukata, unachipuka, unaukata tena, na unaweza kwenda hivyo miaka mitatu hadi mitano. Majani yake yakikauka vizuri huwa na protini ya karibu asilimia 18 hadi 20. Nepia, ambayo ndiyo tegemeo la ng'ombe wetu wa zero-grezing, mara nyingi haifikii hata asilimia 10. Kwa hivyo yule wa video hakudanganya kuhusu thamani ya mmea. Alinyamazia udongo.

Alfalfa inataka udongo wenye pH ya karibu 6.5 hadi 7.5, yaani usio na asidi au wenye asidi kidogo sana. Sasa jiulize, sisi tunajulikana kwa nini? Chai. Kuanzia Kebirigo na Nyansiongo kule Nyamira hadi Nyamache na Ogembo upande wa Kisii, viwanda vya chai vimejengwa pale kwa sababu chai inapenda milima yetu. Na chai inapenda udongo wa asidi, pH ya kama 4.5 hadi 5.5. Mahali chai inacheka, alfalfa inalia. Mimi nilipanda alfalfa chini ya majani chai na nikashangaa ikifa. Ukitafakari, jibu lilikuwa limesimama hapo juu yangu kabla sijazaliwa.

Asidi hiyo inatoka wapi? Sehemu kubwa ni mvua. Huku kwetu mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na kwa miaka mingi maji hayo yamekuwa yakiosha madini ya chokaa kutoka kwa udongo. Sehemu nyingine ni sisi wenyewe: mbolea kama DAP, ikitumiwa msimu baada ya msimu bila kurudisha chokaa, inazidisha asidi. Udongo ukifika hapo, madini ya alumini yanalegea na kuanza kuchoma mizizi michanga. Ndiyo maana mizizi yangu ilikuwa mifupi.

Na vile vifundo nilivyokosa? Mimea ya jamii ya kunde hushirikiana na bakteria wanaokaa kwa vifundo vidogo vya mizizi na kuvuta naitrojeni kutoka kwa hewa. Bila wao alfalfa inabaki na njaa, ndiyo ile rangi ya njano. Bakteria wa alfalfa si wale wa maharagwe. Kwa shamba ambalo halijawahi kupandwa alfalfa, kuna uwezekano mkubwa hawapo kabisa, na hata ukiwaleta, asidi kali inawaua.

Hayo ndiyo yanayofanya mtungi uwe na maana hapa kuliko mahali pengine. Huwezi kubadilisha udongo wa mlima mzima kwa pesa ya mfukoni. Udongo wa mtungi mmoja unaweza kuubadilisha leo jioni.

Ardhi ya nani?

Kuna sababu ya pili, na hii inauma zaidi.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Ukigawanya kwa eneo, Kisii ina zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba, na Nyamira zaidi ya 670. Hizi ni kaunti za mashambani ambazo zimeanza kubanana kama mtaa. Shamba ambalo babu alilima peke yake limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, mpaka wengine wanarithi kipande ambacho ukijenga nyumba na choo, kilichobaki ni njia ya kupitia.

Kwa hivyo mtu akikuambia "anza na ekari moja", muulize anazungumza na nani. Kijana wa kiume anangoja baba agawe, na kungoja huko kunaweza kumaliza miaka yake yote ya ishirini. Msichana mara nyingi hangoji kitu, kwa sababu hajatajwa. Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi na sheria ya urithi inamtambua binti, lakini kikao cha wazee nyumbani kinaendelea na hesabu zake za zamani. Mimi ile kona nilipewa kwa mkopo, na mkopo wenyewe ulikuwa wa ndugu yangu.

Alfalfa ni mmea wa miaka mitatu na zaidi. Kuupanda kwa ardhi ambayo unaweza kuambiwa uondoke msimu ujao ni kuwafanyia wengine kazi. Mtungi ni tofauti. Keateka akikusumbua, unauhamisha. Ukihama Jogoo kwenda Nyanchwa, unaupandisha kwa mkokoteni pamoja na godoro.

Jinsi ya kupanda kwa mtungi

Hakuna haja ya kulipia mafunzo ya WhatsApp. Fanya hivi.

Tafuta mtungi wa lita 20, ukate sehemu ya juu ubaki wazi, utoboe mashimo kama kumi chini. Mashimo ni lazima, maana alfalfa haivumilii mizizi yake kukaa kwa maji, na huku kwetu mvua haina siku ya mapumziko. Gunia nalo ni sawa, beseni lililopasuka ni sawa, mradi liwe na kina cha sentimita 30 au zaidi, kwa sababu mizizi ya mmea huu inapenda kushuka. Usitumie chombo kilichobeba dawa ya kuua wadudu au kemikali yoyote, hata kama umekiosha mara kumi. Kitakacholiwa na sungura au ng'ombe kitarudi kwako kwa nyama au maziwa.

Udongo: changanya sehemu mbili za udongo mzuri wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa na sehemu moja ya mchanga. Kisha uweke chokaa ya kilimo, kama vijiko viwili vikubwa vilivyojaa kwa mtungi mmoja. Changanya vizuri, nyunyizia maji, uache wiki mbili au tatu. Chokaa haifanyi kazi usiku mmoja. Ukikosa chokaa, jivu safi la kuni linasaidia, mradi kusiwe na plastiki iliyochomwa humo. Chokaa ya kupaka ukuta iache mahali ilipo. Ni kali na ni rahisi kuizidisha.

Mbegu: ni ndogo sana, gramu moja ina mbegu mia kadhaa, kwa hivyo usidanganywe kwamba unahitaji kilo. Aina ya Hunter River, iliyotoka Australia, imezoeleka kwa maduka ya agroveti nchini. Nunua pakiti iliyofungwa, soma tarehe, na ukikuta kibandiko cha KEPHIS kwaruza namba yake uitume kwa 1393 uhakikishe. Mbegu za kupimiwa kwa kijiko kutoka kwa gunia lililo wazi huwezi kujua zina umri gani.

Bakteria: hapa ndipo wengi tunaanguka. Uliza dawa ya bakteria ya kuchanganya na mbegu, na useme ni ya lucerne, si ya maharagwe. Kenya tunayo Biofix, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi na hutengenezwa na kampuni ya MEA ya Nakuru. Lowesha mbegu kidogo kwa maji yenye sukari ili unga ushike, changanya kivulini, upande siku hiyo hiyo. Jua linawaua hao bakteria. Pakiti moja ni nyingi kwa mtu mmoja, kwa hivyo changeni watu watano. Ukimjua mtu mwenye alfalfa iliyonawiri, mwombe kikombe cha udongo wa mizizi yake uchanganye na wako. Hiyo njia ni ya zamani na bado inafanya kazi.

Kupanda: nyunyiza mbegu chache, uzifunike kwa udongo mwembamba usiozidi sentimita moja. Ukizika ndani zaidi hazitoki. Weka unyevu, usifurishe. Zitaota ndani ya wiki moja. Zikifika kimo cha kidole, punguza mpaka ubaki na miche 15 hadi 20 kwa mtungi. Itakuuma kung'oa, lakini ng'oa. Ondoa magugu kila wiki kwa miezi miwili ya kwanza, na uweke mtungi mahali panapopata jua angalau saa sita. Zuia kuku wa jirani, kwa sababu kwao miche michanga ni mboga.

Kufikia wiki ya sita au ya nane, toa mche mmoja polepole utazame mizizi. Ukiona vifundo vidogo, na ukivipasua viko na rangi ya waridi ndani, bakteria wako kazini. Ukiona mizizi mitupu na majani ya njano, umejua tatizo kwa gharama ya mtungi mmoja. Mimi nililijua kwa gharama ya deni.

Usikate mapema. Ngoja maua ya kwanza ya zambarau yaanze kutokea, kama mmea mmoja kati ya kumi, ambayo huwa karibu miezi mitatu tangu kupanda. Kata ukiacha sentimita tano hadi saba kutoka kwa udongo, maana hapo ndipo machipukizi mapya yanatoka. Baada ya hapo utakata kila wiki tano hadi saba, na kwa baridi ya milima ya Nyamira tarajia saba. Kwa mtungi mizizi inabanwa, kwa hivyo usitarajie miaka mitano. Kila baada ya miaka miwili hivi, panda upya.

Hesabu bila kudanganyana

Sasa tufike kwa hesabu, mahali ambapo video nyingi hukata sauti.

Mdomo wa mtungi uliokatwa ni kama sentimita 25 kwa 25. Mitungi 16 ndiyo mita mraba moja. Mita mraba moja ya alfalfa nzuri inatoa kilo moja hadi moja na nusu ya majani mabichi kwa kila mkato. Kwa hivyo mitungi 16, ambayo imeshajaza kibaraza chako na keateka ameanza kuuliza maswali, inakupa takriban kilo moja na nusu kila wiki sita.

Hiyo haitalisha ng'ombe. Ni kitoweo cha sungura wachache na kuku. Kuku wakila majani hayo, kiini cha yai kinakuwa na rangi ya kupendeza. Sungura wadogo na mama anayenyonyesha wanafaidi sana. Sungura mzima mpe kidogo tu juu ya nyasi, kwa sababu alfalfa ina kalisi nyingi na ikizidi inamletea shida ya mkojo.

Ng'ombe wa maziwa ni hesabu nyingine. Tuseme unataka kumpa kilo tano za alfalfa mbichi kwa siku, kama nyongeza juu ya nepia. Kwa mzunguko wa wiki sita, siku 42, utahitaji kilo 210. Kwa kilo moja na nusu kwa mita mraba, hiyo ni mita mraba 140, yaani kipande cha mita 10 kwa 14. Ni zaidi kidogo ya robo ya ploti ya moja kwa nane. Mzazi mwenye ng'ombe mmoja haitaji ekari, anahitaji kipande hicho, kimewekwa chokaa vizuri. Na majani yasiende kwa ng'ombe yakiwa na umande akiwa na njaa, kwa sababu tumbo linafura na anaweza kufa kwa muda mfupi. Yanyaushwe kwanza, yachanganywe na nepia.

Na hapa niseme jambo ambalo litawaudhi wauza mbegu. Kama udongo wa nyumbani una asidi kali na hakuna pesa ya chokaa, achana na alfalfa shambani. Kaliandra inavumilia asidi na unaipanda kwa ua. Desmodiamu nayo inavumilia. Ndiyo ile ambayo kituo cha icipe cha Mbita, hapo kando ya Ziwa Victoria, kimekuwa kikiwafundisha wakulima kuipanda katikati ya mahindi kufukuza wadudu na gugu la striga, kisha majani yanaenda kwa ng'ombe. Hata majani ya viazi vitamu, ambayo mama zetu wamekuwa wakiwapa ng'ombe kabla ya hii intaneti, yana protini kuliko nepia. Hakuna anayeyatengenezea video kwa sababu hakuna anayeuza mbegu yake.

Wengine watauliza kuhusu chipukizi za alfalfa za kula, zile za saladi. Zinakuzwa jikoni kwa siku chache, ni kweli. Lakini usichukue mbegu ya shambani, maana mara nyingi imepakwa dawa. Na hata mbegu safi, chipukizi mbichi zimewahi kuleta milipuko ya salmonela na E. coli kwa nchi zilizoendelea, kwa hivyo zipike. Mtu mwenye ugonjwa wa lupus azikwepe.

Basi mtungi wa nini?

Msomaji makini ataniuliza: kama mitungi 16 haitoi hata kilo mbili, unatupotezea muda wa nini?

Swali zuri. Mtungi si biashara, na mtu akikuambia mitungi kumi itakulipia rent, mblock. Mtungi ni mahali pa kukosea kwa bei rahisi. Kwa miezi mitatu unajua kama mbegu uliyouziwa inaota, kama bakteria walishika, chokaa kiasi gani inatosha kwa udongo wa kwenu, na kama wewe mwenyewe ni mtu wa kung'oa magugu kila wiki ama ni mtu wa status. Nikiwa chuoni nililipa karo ya kujifunza vitu ambavyo sijawahi kuvitumia. Mtungi umenifundisha kwa chokaa ya vijiko viwili.

Kuna faida nyingine niliyoiona. Niliporudi nyumbani na mtungi mmoja wa alfalfa ya kijani, uliotengenezwa kwa udongo ule ule wa chini ya majani chai ila umetiwa chokaa, mama aliuzunguka mara mbili. Safari hii hakuniambia kona ni ya nani. Aliniuliza chokaa inauzwa wapi. Mzee ambaye hatakupa ardhi kwa maneno anaweza kukusikiliza ukiwa umebeba ushahidi. Sikuahidiwa kitu, na siwezi kukuahidi wewe. Lakini mazungumzo yalibadilika.

Kwa wazazi, ombi langu ni dogo. Kabla ya kugawa shamba kwa wana waliopo na wasiokuwepo, mpe kijana aliyeonyesha kazi kipande cha mita 10 kwa 14, msichana au mvulana, kwa muda unaojulikana. Miaka mitatu, muandikiane hata kwa karatasi ya daftari. Yeye apate kupanda bila kuangalia nyuma, na ng'ombe wa boma apate protini.

Kwa serikali za kaunti, kilimo cha mazao na mifugo kilikabidhiwa kwenu na Katiba. Mwaka wa 2023 bei ya mbolea ya ruzuku ilishushwa hadi Sh2,500 kwa gunia la kilo 50, na wakulima wakashukuru. Lakini kumwaga mbolea kwa udongo wenye asidi kali ni kama kumwekea mgonjwa wa meno nyama choma: chakula kipo, kula hawezi. Ipeni chokaa uzito ule ule. Maabara kuu ya udongo ya KALRO iko Kabete, Nairobi. Kijana wa Keroka au Nyamaiya hatapanda basi na kopo la udongo. Kusanyeni sampuli wodi kwa wodi, mpeleke, mrudishe majibu kwa lugha inayoeleweka. Na maafisa wa kilimo wakumbuke pia walio mjini wanaopanda kwa magunia, si wale tu wenye hati ya shamba.

Kwa sisi wenyewe, tuache aibu. Tunaona heri kusema "nafanya agribusiness ya ekari moja" na deni la simu kichwani kuliko kuonekana tunamwagilia mtungi nyuma ya nyumba. Wasee, hakuna anayetucheka zaidi ya sisi wenyewe. Changeni watano, mnunue pakiti moja ya mbegu, moja ya bakteria na chokaa kidogo, mgawane. Kila mtu apande mtungi wake, kisha baada ya miezi mitatu mkutane mlinganishe mizizi.

Na ile video ikirudi kwa simu yako, muulize huyo jamaa wa gambuti safi swali moja tu kabla hujatuma pesa: pH ya shamba lako ni ngapi? Akikosa jibu, funga simu uende ukatafute mtungi.